Dari Lililoamka

Skrubu ya mwisho ya kigae ilikataa kutoka. Mkulima aliishika bisibisi kwa mikono miwili, akaegemeza goti kwenye ngazi, akazungusha polepole, na bado ikateleza. Vumbi jeupe likamwagikia kope zake.

"Ukikiharibu kichwa cha hiyo skrubu, utaing'oa kwa meno," sauti ikasema kutoka chini.

Aliyesema alikuwa mama wa nyumba ile, mshonaji wa nguo, aliyeketi nyuma ya cherehani yake na mikono kifuani. Walimwomba ahamie sebuleni mpaka kazi iishe, akakataa. Chumba ni chake, alisema, na dari ni lake, na kama kuna kitu cha kumwangukia basi kimwangukie akikitazama.

"Sitakiharibu, Mama."

"Ndivyo ulivyosema kuhusu dari."

Mkulima akafumba macho. Alikuwa amejiapiza kwamba leo hatajibu neno. Akashusha pumzi, akairudia skrubu, na safari hii ikazunguka. Kigae kikalegea mkononi mwake, chepesi kama mkate wa jana. Ukingo wake wote ulikuwa umejaa uyoga. Ulikuwa uyoga wa kijivu, mnene, laini, umekunjamana kama masikio, na ulivyopangana pale juu ungedhani umekuja kusikiliza maneno ya watu.

Chini ya ngazi alikuwepo shangazi, dada wa marehemu mwenye nyumba, ameshika beseni. Alipokea kigae kwa heshima zote, akakinusa, akauliza tena kama kweli huu uyoga hauliwi. Mkulima akamweleza tena, kwa upole uliokuwa umebaki kidogo sana, kwamba aina ni ile ile inayouzwa sokoni, ila huu umekua katikati ya skrubu na vumbi la paa, kwa hiyo bora wauache.

"Wifi, hutakula dari langu," mshonaji akasema.

"Nimesema nakula? Nauliza tu. Mimi nimeota ndoto nyingi maishani, lakini dari kuota, hilo sikuwahi kuliona."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa mabega ya mwanamume aliyekuwa upande wa pili wa chumba, amewapa mgongo, akifungua kigae kingine. Mkulima aliyaona yale mabega yakitikisika, na hasira ikampanda upya. Kucheka anaweza. Kusema ndiko kunakomshinda.

Huyo ndiye Taratibu. Jina lake la nyumbani lilikuwa jingine, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu kila kitu alikifanya taratibu: kupiga randa, kufunga mlango, kuvuka barabara, na zaidi ya yote, kutoa habari mbaya. Leo asubuhi alikuwa amempigia simu Mkulima, akamwambia aje mapema kidogo kuliko walivyopanga, kwa sababu kuna kitu kidogo darini.

Kitu kidogo. Mkulima alikuwa amevaa gauni lake la bluu, lile zuri, kwa kuwa leo ndiyo siku aliyoitwa shangazi kuja kusikiliza "jambo", na wote wawili walijua jambo lenyewe ni lipi ingawa Taratibu hakuwahi kulitaja. Sasa gauni la bluu lilikuwa limefunikwa na koti kuukuu la useremala, lenye harufu ya mbao na ya Taratibu mwenyewe, na hilo nalo lilimuudhi, kwa sababu harufu aliipenda.

Naye Mkulima hakuwa na shamba. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu alichokuza ni kuta na madari. Siku ya kwanza alipoingia kwenye karakana ya maseremala kuomba vumbi la msumeno, walimuuliza la kazi gani, akawaeleza. Unachanganya vumbi na mabua yaliyokatwakatwa, unachemsha ili wadudu wengine wafe, unapanda mbegu ya uyoga, unashindilia kwenye kalibu, unaweka gizani. Kuvu inatandaza nyuzi zake nyeupe, inakula na kufunga, inakula na kufunga, mpaka kilichokuwa takataka kinakuwa kitu kimoja chenye umbo la kalibu. Halafu unakikausha, unakipitisha kwenye tanuri, na umepata kigae kisichopitisha joto wala kelele, tena moto wenyewe unakiogopa. Ukikichoka unakivunja, unakitupa bustanini, kinarudi kuwa udongo.

Maseremala walicheka mpaka wakaketi. Walimwambia nyumba wanazojenga wao watu huzipaka dawa ili zisiote kuvu. Taratibu hakucheka, hakusifu. Ila Mkulima aliporudi kuchukua magunia, alikuta vumbi limechekechwa, halina rangi, halina misumari, halina vipande vya sigara, na kila gunia limefungwa fundo ambalo mtu mwenye mikono midogo anaweza kulifungua bila kisu. Alisimama pale akiliangalia lile fundo. Moyo wake ulimtoka siku hiyo hiyo, na mpaka leo haujarudishwa wala kuulizwa.

Chumba cha mshonaji kilikuwa na paa la bati bila dari. Jua likiwaka, kichwa kilimuuma. Mvua ikinyesha, alilazimika kusimamisha cherehani kwa kuwa hakumsikia mteja. Taratibu ndiye aliyetaka vigae kwa ajili ya mama yake, naye Mkulima alivikuza kwa moyo wote, akichagua vumbi laini kuliko lote, akivigeuza kimoja kimoja kama mtu anayegeuza mtoto mchanga. Vilipopandishwa, mshonaji alikaa siku nzima bila kumeza dawa ya kichwa. Alimwambia mwanawe kwamba yule binti si haba. Halafu vikaanza kujitokeza vinundu vyeupe kwenye kingo. Mama akauliza. Taratibu akasema ni unyevu tu, tutaona.

Na wakaona. Jana uyoga ulipasuka wote kwa pamoja, ukamwaga unga wake juu ya suti nyeusi ya mteja iliyokuwa ikingoja vifungo. Mshonaji alikesha akiipiga brashi. Asubuhi akatamka kwamba kazi ya binti yule imeoza, kwamba mtu anayeleta uozo kwenye nyumba ya watu hawezi kuitwa ndani yake, na kwamba vigae vyote vishuke leo, kisibaki hata kimoja.

Taratibu alijibu kwamba ni bahati mbaya.

Mkulima alilisikia neno hilo alipokuwa akivua viatu mlangoni. Tangu wakati ule alikuwa akingoja lifuatwe na jingine. Alingoja akipanda ngazi, alingoja akishuka. Kwa sababu yeye alijua kitu ambacho mama hakukijua: vigae vile havikuwa vibovu. Havikuwa vimepita tanurini. Vilichukuliwa uani kwake kabla ya wakati, vikafungwa darini vikiwa na kuvu hai, na aliyevichukua na kuvifunga yuko pale pale, anafungua skrubu na kutikisa mabega.

"Hivi vimejaa mlangoni," akasema, akishuka. "Fundi, njoo tuvitoe nje."

Hakumwita fundi ila akiwa amechukia. Taratibu alilijua hilo, akaja.

Nyuma ya nyumba palikuwa na ukuta mfupi, tangi la maji na kamba ya nguo. Walivipanga vigae kando ya tangi bila kusemezana. Alipoweka cha mwisho, Taratibu akapangusa mikono kwenye suruali, akasema:

"Pole."

"Pole ya nini?"

"Ya hali hii."

"Hali hii ina mwenyewe. Ni nani?"

Akatazama tangi. Mkulima akasubiri. Kumsubiri mtu huyu azungumze kulikuwa sawa na kusubiri gundi ikauke siku ya mvua, na yeye leo hakuwa na hali ya hewa ya kumngojea.

"Nakuuliza kitu kimoja," akasema. "Miaka yote hii tunafanya kazi pamoja. Unajua rundo la kushoto na rundo la kulia. Unajua vilivyolala na vilivyokufa. Umepandishaje kwa mama yako vigae vilivyolala? Nilipoona umevibeba nilidhani umevipeleka karakana kuvikata kingo, kama siku zote, halafu utavirudisha nivioke. Ulikuwa unawaza nini?"

Hii ilikuwa lugha ya uani kwake, na hakuna mtu mwingine aliyeijua. Kigae kilichokaushwa kwa hewa tu, wao walisema kimelala. Kuvu bado imo ndani, haili, haikui, inangoja maji. Kilichopita tanurini walisema kimekufa, na kikishakufa hakiamki tena, hata ukikiogesha.

"Nilikuuliza," Taratibu akasema kwa sauti ndogo. "Siku ile nilipokuja na Mama. Nilikuuliza kabisa kama vimelala."

"Nikakujibu vimelala."

"Ndiyo."

"Na vilikuwa vimelala."

"Ndiyo. Sasa naelewa." Akajikuna shingo. "Mimi nilidhani unamaanisha ile nyingine."

"Ipi?"

Akatupa jicho kwenye mlango wa jikoni, akazidi kushusha sauti. "Ile ya moja kwa moja."

Mkulima alimkodolea macho. "Hata hapa nje, mbele ya tangi, huwezi kulitamka?"

Hapo ndipo Taratibu alipomwambia, kwa vipande vipande, akiangalia vidole vyake. Tangu baba yao aondoke, neno lile halisemwi katika nyumba hii. Siku za mwanzo mtu mmoja alilisema mbele ya Mama, na Mama akainuka, akatoka chumbani bila kuaga. Tangu siku hiyo baba amelala, baba amepumzika. Na kwa kuwa neno halichagui pa kuuma, waliliondoa hata kwenye vitu vingine. Betri za redio huchoka. Taa hupumzika. Mmea wa dirishani, ulipokauka, shangazi alisema umeamua kwenda. Kwa hiyo asingeweza kusimama uani, Mama yuko pembeni na mkoba wake, akauliza kama vitu vimekufa.

"Nikasema vimelala, nikijua utanielewa. Nilikutazama."

"Ulinitazama."

"Nilikutazama kwa makusudi. Ili ujue nazungumzia nini."

Mkulima alilikumbuka lile jicho. Angewezaje kulisahau? Taratibu alikuwa amesimama kati ya marundo mawili, mwanga wa mlangoni umempiga shavuni, na alimtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama kabla, kwa muda mrefu, bila kupepesa, kama mtu mwenye neno zito mdomoni. Yeye alilibeba lile jicho mpaka nyumbani. Alilala nalo. Alishinda nalo akikoroga mabua, akitabasamu peke yake mpaka jirani akamuuliza kama kuna heri.

"Kumbe," akasema polepole, "ulikuwa unaniuliza habari za tanuri."

Taratibu akainua uso. Alikuwa mwanamume wa kukawia, lakini si mjinga, na akaona alichokivunja.

"Na lile lingine pia lilikuwemo," akasema.

"Lipi?"

"Unalijua."

"Silijui. Mimi sijui kitu nisichoambiwa. Mimi ukiniuliza vimelala, nakujibu vimelala." Sauti yake ilitetemeka, akaikasirikia, akaiweka sawa. "Kwenu hapa mimi naitwaje? Umemwambia mama yako mimi ni nani?"

"Mwenzangu wa kazi."

"Mwenzako wa kazi. Na shangazi umemwita aje kusikia nini? Jambo. Sasa nakwambia mimi ni nani katika nyumba yenu. Mimi ni kigae cha rundo la kushoto. Nimekaushwa kidogo, nimeegemezwa ukutani, sijakufa wala sijaishi, nangoja mtu aamue. Nimelala, Taratibu. Umenilaza wewe."

Taratibu alitaka kumshika mkono. Mkono ulifika nusu ya njia ukarudi. Mkulima aliuona ukirudi, na hicho ndicho kilichommaliza.

"Nakwenda kushusha vigae vilivyobaki," akasema. "Mama yako anaamini mimi nimemletea uozo. Ukiwa na neno, litamke mle ndani, mbele yake, kwa jina lake kamili. Usipokuwa nalo, nikimaliza dari nakurudishia koti lako, na vumbi la msumeno nitatafuta kwa mtu mwingine."

Aliingia ndani bila kungoja jibu, maana jibu lingekuwa tutaona.

Chumbani, mshonaji alikuwa ameamua kwamba hasira hazishoni nguo. Alikuwa amesimama kwenye meza ya kupigia pasi, ile suti nyeusi iko mbele yake, na pasi ya mvuke inapumua kama ng'ombe aliyechoka. Nusu ya dari ilikuwa imeshaondoka, na bati lililoachwa wazi lilikuwa limeanza kupasha chumba joto. Shangazi alijipepea kwa kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, beseni likiwa mapajani.

Mkulima akahamishia ngazi kando ya meza ile, kwa sababu hapo ndipo uyoga ulipokuwa mwingi zaidi. Akapanda. Mvuke ukampiga shingoni, wa moto, umelowa. Akasimama hapo hapo na bisibisi hewani, akatazama chini, akatazama juu. Upande wa dirishani vigae vyote vilikuwa safi. Uyoga wote ulikuwa huku.

"Mama, pasi hii unaipigia hapa kila siku?"

"Niipigie wapi, jikoni?"

Akaeleza, bila kumwangalia mtu. Kwamba kuvu iliyolala inaamshwa na maji, na kwamba kila pumzi ya ile pasi ilikuwa inapanda moja kwa moja kwenye vile vigae, asubuhi mpaka jioni, chumba kina joto, hakuna upepo. Hata angetaka kukuza uyoga wa kuuza asingepata mahali pazuri kuliko hapa.

"Kwa hiyo kosa ni la pasi yangu," mshonaji akasema.

"Hapana, Mama."

"Basi la nani? Kila nikiuliza naambiwa bahati mbaya. Huyo Bahati Mbaya anaishi wapi nikamwone?"

 Mkulima alimtazama Taratibu aliyekuwa amesimama mlangoni, na hakulitengeneza jicho lake liseme chochote. Alimwachia tu nafasi.

Ilikuwa nafasi ndefu. Shangazi aliacha kujipepea. Pasi ikapumua. Bati la juu likalia kwa joto, tak, na mshonaji akagusa kipaji chake kwa vidole viwili, kama afanyavyo mtu ambaye kichwa kinaanza.

"Mama," Taratibu akasema. "Vilitakiwa vife kwanza."

Shangazi akaguna. "Baba, tafadhali, mama yako..."

"Vilitakiwa kufa," akarudia, na safari hii sauti haikushuka. "Kila kigae kinapelekwa tanurini kinakufa, ndipo kinapandishwa. Yeye kazi yake hana kosa. Mimi nilivichukua kabla havijafa. Nilimuuliza kama vimelala kwa sababu wewe ulikuwa umesimama pale, na sikutaka kutamka kufa mbele yako. Akanijibu ukweli, mimi nikasikia nilichotaka. Suti ya mteja nimeiharibu mimi. Dari nimeliotesha mimi."

Mshonaji akaisimamisha pasi kwa kisigino chake. Alimtazama mwanawe kwa muda, halafu wifi yake, halafu mwanawe tena.

"Nani alikwambia mimi siwezi kulisikia hilo neno?"

"Siku ile, Mama. Wageni walipokuwa wamejaa. Yule mzee akalisema, ukainuka ukatoka."

"Niliinuka nikatoka kwa sababu sufuria lilikuwa linaungua."

Shangazi akaishusha karatasi yake.

"Mchele wa watu wote ule," mshonaji akaendelea. "Harufu nimeisikia mimi peke yangu, nyinyi mmekaa. Narudi, nakuta kila mtu ananong'ona. Huyu hapa," akamnyooshea wifi yake kidole chenye kastabini, "ndiye aliyeanza kusema kaka amelala. Nikafikiri ninyi watoto ndio mnaoumia, nikawafuata. Betri zimechoka, taa imepumzika. Miaka yote hii nyumba yangu inazungumza kama hospitali, nami namezea kwa ajili yenu."

"Mimi nilikuwa nakuhurumia wewe, wifi," shangazi akasema, karibu kulia, karibu kucheka.

"Baba yenu alikufa," mshonaji akasema. "Nilikuwa nimemshika mkono. Hakulala. Akilala alikuwa anakoroma, na mtaa mzima ni shahidi." Akaivua kastabini. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imepungua ukali, lakini haikuvunjika. "Alikufa, na namkumbuka kila siku, na ningependa kumsema na watu. Lakini utamsemaje mtu ambaye kila mmoja anaogopa kumwamsha?"

Mkulima, juu ya ngazi, aliona macho ya Taratibu yakijaa, akayakwepesha yake. Kuna mambo ambayo mgeni hapaswi kuyaona hata akiwa juu. Akaanza kufungua skrubu ili mikono yake iwe na kazi.

"Haya," mshonaji akasema. "Na huyu juu hapa ni nani?"

"Huyu," Taratibu akaanza, "huyu ni... unajua tunashirikiana..."

Bisibisi ikasimama. Mkulima hakugeuka. Alikuwa anakiangalia kichwa cha skrubu tu, kimepinda, na aliwaza kwamba ikitoka hii atashuka, atavua koti, ataondoka na gauni lake la bluu kama alivyokuja.

"Ninampenda," Taratibu akasema. "Nataka kumwoa. Nimekuita, Shangazi, nikwambie hilo, na sikujua nitaanzia wapi, na yeye mwenyewe sijamuuliza. Namuuliza sasa. Mkulima, nakupenda. Siku ile nilikutazama kwa ajili ya tanuri, nikasahau tanuri nikiwa katikati ya kukutazama. Ndiyo maana nilivibeba bila kuuliza mara ya pili."

Aliyasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayeshusha mzigo kabla haujamponyoka. Mkulima aligeuka kwa haraka mno. Ngazi ikayumba, mguu wake mmoja ukainuka sakafuni, shangazi akadondosha beseni.

"Shika ngazi," Mkulima akasema.

Akaishika. Alifika kwa hatua mbili, Taratibu yule yule, akaikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, na shavu lake likawa sawa na goti la Mkulima. Hakuondoka pale hata ngazi ilipotulia. Yeye naye hakumwambia aondoke. Kutoka juu aliona vumbi jeupe la uyoga limetua kwenye nywele zake, na mkono wake ukaenda kulipangusa kabla hajaupa ruhusa.

"Sijasema nimekubali," mshonaji akasema, akirudi kwenye pasi. "Binti ana mdomo, nimeusikia mpaka huku mkiwa kwenye tangi. Na kazi ya kuvu sijaizoea. Nikifa mimi, ndiyo, nikifa, sitaki mtu aseme nilizikwa na dari langu." Bati likalia tena juu, tak, tak. Akakunja uso, akashika kichwa. "Hilo joto. Acheni hapo. Msishushe zaidi."

"Mama ulisema kisibaki hata kimoja," Mkulima akasema.

"Nimesema mengi. Hivyo vya dirishani havina uyoga, viacheni vinikinge mpaka kesho. Kesho leteni vilivyokufa, mvipandishe mimi nikiwa nimekaa hapa, nivione. Hivyo vya nje mvivunje, vikalale kwenye bustani yangu ya nyanya."

"Vikaoze," shangazi akasahihisha kwa sauti ya mwanafunzi mwema, na safari hii hata mshonaji alicheka, kidogo, kwa pua.

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipotoka. Ngazi waliiacha imesimama katikati ya chumba, na mfuko wa skrubu juu ya cherehani ambayo haikutumika. Taratibu alimsindikiza mpaka kwenye geti. Alikuwa amechoka kama mtu aliyepiga randa mti mzima, na alisimama mbele yake mikono imening'inia, akitafuta.

"Hujanijibu," akasema.

Mkulima alifungua mdomo. Siku nzima alikuwa amedai maneno ya moja kwa moja, na sasa zamu ilikuwa yake. Akaangalia geti, akaangalia viatu vyake.

"Tutaona," akasema.

Akalisikia neno lenyewe likitoka kinywani mwake. Taratibu naye akalisikia, na mabega yakaanza kutikisika.

"Usicheke," Mkulima akasema. "Ndiyo. Nimesema ndiyo. Nitaolewa na wewe. Na kesho uje na toroli mapema, vigae vya rundo la kulia ni vingi, na usiniulize vimefanyaje, uvigonge mwenyewe usikie."

Taratibu akamshika mkono. Mkono wake haukurudi nusu ya njia. Walisimama hivyo, vidole vya Mkulima vyenye unga wa uyoga vimefungwa ndani ya vile vya seremala, mpaka dirisha la chumba cha cherehani lilipofunguliwa kwa kishindo na kichwa cha mshonaji kikatoka, futi ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Mwambie kesho asivae hilo koti," akamwambia mwanawe, kana kwamba Mkulima hayupo. "Mabega na kiuno nimeshampima kwa macho akiwa juu. Mkono ndio sikuuona vizuri."

Dirisha likafungwa. Mkulima alibaki analitazama, mdomo wazi.

"Amesema nini?" akauliza. "Amekubali au hajakubali?"

Taratibu alitaka kueleza, akafikiri, akaacha.

"Umeona sasa," akasema, "nilikotoka."